Mbegu au Mtungo? Uhakiki wa Lugha ya Viungo vya Uzazi katika Kiswahili

Utangulizi

Mhakiki wa fasihi amezoea kuiuliza kila taswira maswali mawili: yaonyesha nini, na yaficha nini? Akikuta mshairi amemfananisha mpenzi na jahazi, hatosheki kusema kwamba mfananisho ni mzuri. Hutaka kujua ni sifa zipi za mpenzi zilizodhihirika kwa kuitwa jahazi, na ni zipi zilizozama. Ajabu ni kwamba maswali haya hatuyaulizi tunapokutana na istilahi. Istilahi twazipokea kama sarafu zitokazo kiwandani: twazihesabu, twazipanga katika orodha, kisha twabishana juu ya asili yake, yaani kama neno litoholewe kutoka Kiingereza, liazimwe kutoka Kiarabu, au liundwe kutokana na mzizi wa Kibantu. Mabishano hayo yana faida yake. Lakini istilahi nyingi ni taswira ambazo watu wamekwisha kusahau kwamba ni taswira, na kwa sababu hiyo nguvu zake hupita zile za taswira za washairi. Mshairi hutujulisha waziwazi kwamba anafananisha. Istilahi hudai kwamba inaeleza jambo lilivyo.

Makala haya yana nia ya kuyauliza maswali hayo mawili katika uwanja ambao wanalugha wetu wameupitia kando kwa muda mrefu, nao ni lugha ya viungo vya uzazi vya binadamu na kazi zake. Dai letu ni hili. Katika msamiati wa Kiswahili mna nadharia mbili za jinsi mtoto anavyopatikana. Ya kwanza ni ya mkulima: mwanamume hupanda, mwanamke hupandwa. Ya pili ni ya mtunga shanga: vitu viwili hukutanishwa katika uzi mmoja, na kitu cha tatu kikatokea. Elimu ya uzazi kama ijulikanavyo leo yaafikiana na nadharia ya pili, lakini lugha ya shule na ya zahanati imeishikilia ya kwanza. Chaguo hilo lina gharama, na wanaoilipa ni wanawake na watoto.

I. Nadharia ya mkulima

Neno litumikalo zaidi kwa chembe ya uzazi ya mwanamume ni mbegu: mbegu za kiume, au mbegu za uzazi. Taswira hii si ya Waswahili peke yao. Neno la Kigiriki ambalo wanasayansi wa Ulaya walilichukua kwa jambo hilo hilo, sperma, maana yake ni mbegu. Na semen la Kilatini lina maana hiyo pia. Aristotle alifundisha kwamba mwanamume ndiye mwenye kutoa umbo na uhai wa mtoto, naye mwanamke hutoa malighafi tu. Galen alimpinga kwa kusema kwamba mwanamke naye ana mbegu yake. Basi mtu asidhani kwamba hapa tunazikosoa mila za Waafrika kwa mizani ya wageni. Taswira tunayoikosoa ina wenyewe kila pembe ya dunia.

Kosa lake ni nini? Kwanza, ni kosa la mimea yenyewe. Mkulima ajua, na kitabu cha sayansi hueleza, kwamba mbegu ya mhindi au ya mwembe haitokei mpaka uchavushaji umekwisha kufanyika. Chavua ya ua dume huifikia sehemu ya kike ya ua, chembe mbili huungana, na ndani ya mbegu hukaa kiinitete, yaani mche mchanga ulio tayari kuota. Kwa maneno mengine, mbegu ni mtoto. Ni zao la pande mbili, lenye ganda na akiba yake ya chakula, nalo hungoja udongo na maji tu. Kama twataka kumfananisha binadamu na mmea kwa haki, basi kilicho sawa na chembe ya mwanamume ni chavua, wala si mbegu. Mwanafunzi hufundishwa katika somo moja kwamba mbegu huja baada ya dume na jike kukutana. Katika somo la pili huambiwa kwamba mbegu ni ya dume peke yake. Hakuna amwambiaye kwamba masomo hayo mawili yanapingana.

Pili, na hili ni kubwa zaidi, aliye na mbegu ndiye mwenye mtoto. Mbegu ikiwa imekamilika, aliyebaki hana kazi ila kuwa shamba. Shamba halichangii kitu katika jinsi ya mmea: ukipanda mtama hutavuna kunde. Wajibu wa shamba ni kuwa na rutuba. Lisipootesha, hulaumiwa lenyewe, kwa kuwa mbegu haishukiwi. Mtu akizitazama nomino zetu za watu wasiozaa, ataiona nadharia hii ikifanya kazi. Tasa ni mwanamke au mnyama jike. Mgumba, ijapokuwa kwa sarufi laweza kuwa mtu yeyote, katika mazungumzo ya kila siku huelekezwa kwa mwanamke. Kwa mwanamume tuna hanithi. Lakini hanithi ni yule ambaye uume wake hausimami, jambo ambalo ni mbali na uwezo wa kuzalisha. Mwanamume mwenye nguvu zake zote za unyumba lakini manii yake hayana chembe hai hana jina katika Kiswahili. Lugha haikumwekea nafasi, na asiye na jina ni vigumu kushukiwa.

Hospitalini mambo si hivyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza katika mwaka wa 2023 kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la kukosa uzazi katika maisha yake. Na madaktari hukubaliana kwamba katika takriban nusu ya ndoa zenye tatizo hilo mume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Walakini ni nani anayepelekwa kwa mganga kwanza? Ni nani anayeletewa mke mwenza? Hatusemi kwamba neno mbegu ndilo lililoleta desturi hizo. Twasema kwamba neno hilo huzipa desturi hizo sura ya elimu.

Ni vivyo hivyo kwa mke anayelaumiwa kwa kuzaa wasichana watupu. Hapa nadharia ya mkulima yajikanyaga yenyewe: kama shamba halichagui mmea, kwa nini shamba lihukumiwe kwa mmea uliootwa? Tangu mwaka wa 1905, kwa uchunguzi wa Nettie Stevens na wa Edmund Wilson uliofanyika mbalimbali katika wadudu, imejulikana kwamba jinsia hufuata kromosomu. Kwa binadamu, yai la mama daima lina kromosomu ya X. Chembe ya baba yaweza kuwa na X au Y, na hiyo ndiyo huamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na habari hiyo haijapata usemi wa Kiswahili ambao bibi mkwe angeweza kuambiwa akauelewa.

Mwisho, vitenzi. Kwa Kiswahili mwanamume humpa mwanamke mimba, au humtia. Mwanamke hupata, hushika, hubeba, au hutiwa. Yeye ni mtendewa, au ni chombo. Mtu ataweza kujibu kwamba mwanamke hupewa kitenzi kikubwa kuliko vyote, yaani kuzaa. Ni kweli, lakini kuzaa ni mwisho wa safari. Tunalolitafuta ni kitenzi cha mwanzo wake.

II. Nadharia ya mtungo

Kitenzi hicho tunacho. Kiswahili hakisemi mimba hupandwa. Husema mimba hutunga, au hutungwa. Na tendo lenyewe huitwa kutunga mimba. Tuyatazame mawanda ya neno hili. Mtu hutunga shanga katika uzi. Mvuvi hutunga samaki katika kamba. Mshairi hutunga beti, na mazao ya kazi yake twayaita tungo. Katika matumizi yote hayo mna sifa tatu zisizobadilika. Vinavyotungwa ni zaidi ya kimoja. Kila kimoja hubaki na chake hata baada ya kutungwa. Na kinachopatikana, yaani mkufu, mtungo au shairi, hakikuwapo katika kimojawapo kabla ya kukutanishwa. Tukumbuke pia kwamba kitenzi hiki chaweza kujitosheleza bila mtenda: usaha hutunga, na mimba hutunga. Hakuna aliyetia, wala hakuna aliyetiwa.

Hatudai kwamba wahenga waliijua kromosomu. Lakini twaweza kusema kwamba walichagua taswira ambayo elimu iliyokuja baadaye haikuilazimisha kubadilika. Katika mwaka wa 1827 Karl Ernst von Baer aliliona yai la mnyama anyonyeshaye, naye aliliona katika mbwa. Katika mwaka wa 1876 Oscar Hertwig, akichunguza mayai ya urchini wa baharini, aliona viini viwili, kimoja cha yai na kimoja cha chembe ya kiume, vikikutana na kuwa kimoja. Tangu hapo nadharia ya mkulima ilikosa pa kusimamia. Leo yajulikana kwamba kila upande huleta kromosomu 23, zikawa 46. Hii ni hesabu ya shanga.

Tukiendelea na kazi za mwili, taswira ya mtungo huzidi kufaa. Yai ni chembe kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu, upana wake ukiwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtu mwenye macho mazuri hukaribia kuliona bila darubini. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote, kiasi cha mayai milioni moja hadi mbili yasiyopevuka. Afikapo balehe hubaki laki tatu hivi au nne, na katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni mia nne au mia tano tu. Yai lipevukapo huachwa na ovari, likapokewa na mrija. Huko mrijani ndiko chembe mbili hukutana, si katika mji wa mimba kama wengi wanavyodhani. Na mimba changa huchukua siku sita hivi au zaidi kabla ya kujishikiza katika ukuta wa mji wake.

Kuna jambo jingine ambalo twalitaja kwa makusudi. Katika mwaka wa 1951 watafiti wawili, M. C. Chang na Colin Austin, kila mmoja kwa upande wake, waligundua kwamba chembe ya kiume itokapo mwilini mwa mwanamume haijawa tayari. Haiwezi kulipenya yai mpaka imekaa kwa muda katika njia za uzazi za jike na kubadilishwa nazo. Mwili wa mwanamke humwandaa mgeni kabla ya kumpokea. Shamba halifanyi kazi ya namna hiyo. Uzi wa ushanga huifanya zaidi, kwa maana hushika, hupanga na huongoza.

Ikiwa neno zuri limo lughani, kwa nini vitabu vya sayansi vikalipa nafasi ndogo? Twaonelea sababu ni kwamba waundaji wa istilahi walikuwa wakitafsiri orodha. Orodha ya Kiingereza ilikuwa na nomino, nao wakatafuta nomino. Kitenzi kutunga kilikuwa kitandani mwa mzazi na mdomoni mwa mkunga, orodhani hakikuwamo.

III. Majina yaliyobebeshwa mno

Tukitoka katika tendo na kuingia katika viungo vyenyewe, twakutana na kasoro ya namna nyingine. Baadhi ya majina yamebebeshwa maana nyingi hata hayaonyeshi tena mahali.

Tuanze na uke na uume. Maneno haya ni nomino dhahania, zilizoundwa kwa kiambishi u- kama utu na uzee. Uume ni hali ya kuwa mwanamume. Uke ni hali ya kuwa mwanamke, na hata ya kuwa mke wa mtu. Kwa tafsida, hali imefanywa kuwa kiungo. Tafsida ni mapambo ya lugha, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini hii ina matokeo. Mwanamume aliyekatwa kiungo kwa sababu ya saratani, kwa sarufi amekatwa uanaume wake. Na mwanamke ambaye uke wake una maradhi, maradhi hayo kwa sarufi yameishika nafsi yake nzima.

Tena uke hutumika kwa njia ya ndani na kwa sehemu ya nje pamoja, yenye mashavu yake, kinembe, na matundu mawili yaliyo mbalimbali, moja la mkojo na moja la uke wenyewe. Mwanamume ana njia moja kwa kazi mbili. Mwanamke ana njia mbili. Jambo hilo jepesi huwapotea hata watu wazima, na halishangazi, kwa sababu neno moja limefunika yote. Mwanamke akisema ana maumivu katika uke, muuguzi hana budi kuuliza maswali matatu zaidi, na mwenye haya atakuwa amekwisha kunyamaza kwenye la kwanza.

Asije mtu akadhani kwamba dawa yake ni kukimbilia Kilatini. Jina ambalo madaktari wa Ulaya waliupa uke maana yake ni ala ya upanga. Na sehemu ya nje waliiita kwa neno litokalo katika kitenzi cha kuona aibu. Wajerumani hadi leo huyaita mashavu ya uke midomo ya aibu. Wageni nao walitazama kwa macho yao.

Neno la pili ni kizazi. Kizazi ni watu wa rika moja. Kizazi ni ukoo. Na kizazi ni kiungo cha ndani ambacho pia huitwa mji wa mimba, nyumba ya uzazi, au mfuko wa uzazi. Twasikia: kufunga kizazi, kusafisha kizazi, saratani ya kizazi. Katika kufunga kizazi, kinachofungwa au kukatwa ni mirija, ile iliyoelezwa na Gabriele Falloppio mwaka wa 1561 na kuchukua jina lake. Mji wa mimba hauguswi, na hedhi huendelea kama kawaida. Lakini mwanamke aambiwaye kwamba kizazi chake kitafungwa ana haki ya kuuliza damu yake itatokea wapi. Hofu yake hiyo haikutoka katika ujinga. Ameielewa lugha kama ilivyosemwa.

Saratani nayo yahitaji jina lenye mipaka. Chanjo ya kuzuia virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi iliingizwa katika ratiba ya taifa nchini Tanzania mwaka wa 2018, na nchini Kenya mwaka wa 2019. Kiungo kinachohusika kina majina mawili: mlango wa kizazi na shingo ya kizazi. Shingo ni tafsiri ya Kilatini. Ni kama aonavyo mpasuaji aliyekitoa kiungo na kukiweka mezani. Mlango ni jina la wakunga, na humwonyesha mwanamke kinachotendeka mwilini mwake: mlango hufungwa mimba inapotunga, na hufunguka sentimita kwa sentimita hadi kumi wakati wa kuzaa. Taswira ya mlango yaeleza kazi. Ile ya shingo yaeleza umbo tu. Mhakiki hapati taabu kuchagua.

Kwa hakika, lugha ya wakunga ndiyo fasihi bora tuliyo nayo katika uwanja huu. Kondo la nyuma huitwa hivyo kwa kuwa hufuata nyuma ya mtoto. Chupa ni mfuko wa maji unaomzunguka mtoto, nao hupasuka kama chupa. Kiungamwana, yaani ule uzi wa kitovu, huunga mwana na kondo. Mji wa mimba ni makao. Na kwa wavaao kanga, mji ni ile sehemu ya katikati iliyozungukwa na pindo. Maneno haya yalitungwa na watu waliokuwa wakitazama kwa makini, tena wengi wao wanawake.

IV. Hoja ya heshima

Hoja ambayo huletwa kila mara dhidi ya uhakiki wa namna hii ni kwamba Kiswahili ni lugha ya heshima, na mambo haya hayasemwi. Yatupasa kuipima hoja hiyo kwa historia, wala si kwa hisia.

Katika madarasa ya pwani, Lamu, Mombasa na Unguja, fikihi imesomeshwa kwa karne nyingi. Mwanafunzi hufundishwa hedhi na nifasi, janaba na manii. Hufundishwa tofauti ya tupu ya mbele na tupu ya nyuma, kwa sababu udhu hutegemea. Hufundishwa eda: mwanamke aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi, na mwenye mimba hukaa hadi ajifungue. Hayo yote husemwa mbele ya mwalimu mwenye kilemba, na hakuna aonaye kwamba heshima imevunjwa. Sheria ilihitaji usahihi, lugha ikautoa. Katika unyago, somo humfundisha mwari habari za mwili kwa maneno ambayo mwandishi wa kitabu cha shule angeyaogopa. Na wahenga walikwisha kukata shauri: mficha uchi hazai. Basi huu ukimya ambao twauita mila ni mpya kuliko mila. Msichana wa leo aghalabu amelikosa darasa la somo wake, na shule haikumpa badala yake. Nchini Kenya hali ni ngumu zaidi, maana sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi hutoka na jina la kiungo katika lugha ambayo mama yake pengine haisemi.

Riwaya yetu iliyaona haya mapema. Katika Rosa Mistika (1971), Euphrase Kezilahabi alimwonyesha baba ambaye malezi yake ni fimbo na marufuku, na binti ambaye alitoka nyumbani bila kujua lolote la kumlinda. Kitabu hicho kilizuiwa kwa muda kisisomwe shuleni. Twaweza kusema kwamba waliokizuia walimtendea msomaji yale yale ambayo Zakaria alimtendea Rosa, nao wakawa wameingia katika riwaya bila kujua. Katika tamthilia ya Hatia (1972) ya Penina Muhando, mimba ya msichana asiyeolewa ndiyo kiini cha mgogoro, na swali la nani mwenye hatia hushughulisha jukwaa zima. Wahakiki wameyajadili maadili ya kazi hizi kwa kirefu. Lugha ambayo wahusika hawa walinyimwa haijajadiliwa vya kutosha.

Penye gharama kubwa zaidi ni mahakamani. Kwa sheria ya Kenya, lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 yataka ithibitishwe ni kiungo kipi kilichoingia wapi. Mtoto husimama kizimbani na kusema: alinifanyia tabia mbaya. Usemi huo umejaa katika kumbukumbu za mashauri, na majaji wa rufani wamelazimika kuamua kama maneno hayo yanatosha kuwa ushahidi. Mara nyingine huambatana na dudu, au huku mbele, au sehemu zangu za siri. Wakili wa mshtakiwa huuliza: tabia mbaya ipi? Huko mbele ni wapi? Nasi twaona wazi kwamba mtoto hakukosa ukweli. Alichokosa ni nomino mbili, na waliomnyima nomino hizo ni watu wazima waliomwambia kwamba sehemu hizo ni siri. Tena neno siri lenyewe halimsaidii: mtu aliyemdhuru ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia kwamba jambo hilo ni siri.

Kama mtu ana shaka kwamba jina laweza kuyabadilisha mambo, na autazame ukeketaji. Kwa muda mrefu ulijulikana kama tohara ya wanawake. Neno tohara lina utakaso ndani yake, na huulinganisha ukataji wa kinembe na mashavu na ule wa govi la mwanamume, hali viungo hivyo si sawa wala madhara si sawa. Kitenzi kukeketa ni kukata kwa kuparura, kama kwa kisu butu. Neno lilipobadilika, mjadala nao ulibadilika. Na Kenya ilipopitisha sheria ya kuupiga marufuku mwaka wa 2011, Kiswahili kilikuwa tayari na neno lisiloficha kitu.

Kwa upande mwingine, tuna neno kizinda na vitenzi vinavyofuatana nalo: kuvunja, kubikiri. Vitenzi hivyo humfanya mtu adhani kwamba kizinda ni kifuniko kizima kinachopasuka mara moja na kutoa damu, ndiyo maana kisarawanda kilitandikwa na kutolewa ushahidi. Lakini kizinda ni utando ambao tangu utotoni huwa na uwazi. Maumbile yake hutofautiana, na wanawake wengi hawatoki damu. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine mawili ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe, kwa kuwa hauna msingi wa kisayansi. Kitenzi kilihukumu watu kabla ya daktari kuulizwa.

Hitimisho

Hatukukusudia kuandika kamusi mpya. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka wa 1981, na kazi za istilahi za sayansi zimeifuata. Wenye kazi hiyo wapo. Lakini mhakiki akiisha kukosoa hana budi kusema angetaka nini.

Kwanza, chembe mbili za uzazi zipewe nomino moja: chembe ya uzazi ya kiume na chembe ya uzazi ya kike. Yai laweza kubaki kama jina la nyumbani. Mbegu iachiwe mimea, ambako ina maana yake kamili. Manii na yabaki kuwa ule ute wenyewe, si chembe zilizomo. Pili, kitenzi kutunga kiwe ndicho cha kufundishia, na mwalimu achukue uzi na shanga darasani. Tatu, uke ubaki kwa njia ya ndani, na sehemu ya nje iitwe tupu ya mbele, neno ambalo limekwisha kuzoewa katika darasa la fikihi na halina aibu. Nne, kizazi kisitumike pale panapohitajika mji wa mimba, mlango wake, au mirija. Tano, mwanamume ambaye chembe zake hazizalishi apewe neno mgumba bila kusitasita, kwa maana sarufi inaruhusu, na kilichozuia ni mazoea.

La mwisho twawaelekezea wenzetu wa idara za lugha. Tumezoea kuwaachia madaktari maneno haya, nao madaktari wametuachia sisi. Na katikati ya heshima hizo mbili amesimama mtoto kizimbani, akiulizwa huko mbele ni wapi. Kumpa jibu ni kazi ya somo la Kiswahili.